Mchanga Haujali Bei ya Gari: Mwongozo kwa Mgeni wa Wahiba

Wewe uliyetua Maskati Alhamisi usiku kutoka Dar es Salaam au Mombasa, mtoto wa ami yako akakukabidhi ufunguo wa Land Cruiser na kukuambia "kesho tunakwenda mchangani, utaendesha wewe," pokea pongezi zangu. Kisha nisikilize kabla hujaliwasha. Mchangani hakuna anayetaka kuona nguvu zako. Unatakiwa kupunguza: upunguze upepo wa matairi, upunguze mzigo wa juu ya gari, upunguze breki, upunguze kona, na zaidi ya yote upunguze majigambo, maana hayo ndiyo yanayozama kwanza, gari linafuata.

Unakokwenda ni Sharqiya, kilomita 200 na kitu kutoka Maskati kwa barabara ya Sur. Watu wengi huingilia Al Wasil au Bidiya. Mchanga wenyewe ulipewa jina la kabila la Bani Wahiba, ingawa siku hizi rasmi unaitwa Ramlat al-Sharqiya. Ni eneo la kilomita za mraba kama 12,500, refu la kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka Unguja hadi Sur, ndio unaousukuma mchanga huu kuelekea kaskazini. Kwa hiyo matuta makubwa yamejipanga kwa mistari mirefu ya kaskazini na kusini, mengine yakikaribia kimo cha mita 100, na katikati yake kuna mabonde mapana ambamo magari hupita. Hiyo ni habari njema kwako. Anayeshika bonde kwenda kusini ana kazi nyepesi, na anayetaka kukata kwenda mashariki ndiye atakayepanda tuta baada ya tuta. Safari ya kwanza shika bonde. Atakayekucheka mwache acheke. Mtakutana kambini jioni, wewe ukiwa umeshaoga.

Wala usijione mgeni mno. Familia nyingi za Ibra, Bidiya na vijiji vya jirani ndizo zilizovuka bahari katika karne ya 19 kwenda Unguja, Pemba na bara, na wajukuu wao wengi walirudi baada ya Mapinduzi ya 1964, hasa tangu Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970. Ukisimama Ibra kununua maji, anza na Kiswahili. Huenda ukajibiwa kwa lafudhi ya Mjini Unguja na kuulizwa habari za soko la Darajani. Hao ndio wa kuwauliza njia, na swali zuri kuliko yote ni hili: nani kapita huko wiki hii? Mchanga unahama, na ramani ya simu haina habari na upepo wa juzi.

Sasa tuiweke kando elimu uliyokuja nayo. Dereva aliyekulia kwenye matope ya masika anajua kwamba gari likianza kuserereka unakanyaga mafuta. Tairi lizunguke, liteme matope yaliyojaa kwenye meno yake, litafute ardhi ngumu iliyo chini. Kwenye matope mara nyingi ardhi hiyo ipo. Kwenye mchanga wa Wahiba, chini ya mchanga kuna mchanga. Tairi linalozunguka bila kwenda linafanya kazi moja tu, kuchimba, na linaifanya kwa bidii ambayo ningependa kuiona kwa vibarua wengi. Sekunde chache tu na limefika kwenye ekseli. Gari likikataa kwenda, ondoa mguu. Usijaribu "mara moja tu ya mwisho." Hiyo mara moja ya mwisho ndiyo inayowafanya watu wale chakula cha mchana saa kumi na moja jioni.

Mwingereza mmoja, afisa wa jeshi aitwaye Ralph Bagnold, aliyajua haya zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930 yeye na wenzake walikata jangwa la Misri na Libya kwa magari madogo ya Ford yasiyovuta kwa magurudumu manne, wakavuka bahari ya mchanga ambayo wengi walisema hakuna gari litakaloiweza. Walipunguza upepo wa matairi, wakabeba vyuma virefu vya kutandika chini ya magurudumu, wakajifunza kuusoma mchanga kwa macho kabla ya kuukanyaga. Bagnold aliuchunguza mpaka mwaka 1941 akachapisha kitabu cha fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo, na wataalamu wa matuta wangali wanakirejea. Gari ulilokabidhiwa leo lina nguvu mara kadhaa kuliko Ford zile. Kwa hiyo ukikwama, tafadhali usiisingizie injini.

Basi toa upepo. Barabarani matairi yako yanakuwa na psi 35 hivi. Mchangani anza na 18. Pakilainika sana, shuka hadi 15. Ukishakwama kabisa unaweza kufika 12, lakini hapo nenda polepole na usikate kona kali, kwa sababu tairi lililolegea mno huchomoka kwenye ringi. Uzito wa gari haubadiliki. Unachobadilisha ni ukubwa wa sehemu ya tairi inayougusa mchanga. Tairi likilegea hulala chini na kurefuka, kwa urefu zaidi kuliko kwa upana, uzito ukatawanyika, na gari likapita juu ya mchanga badala ya kuingia ndani yake. Mtazame ngamia anavyokanyaga: wayo wake unatanuka kila unapobeba uzito. Hakuna fundi aliyemfundisha, wala hana V8.

Kazi hiyo ifanye kwa mkono wako mwenyewe angalau safari ya kwanza. Chuchumaa, fungua kifuniko cha valvu, kitie mfukoni. Ukikiweka chini utakitafuta mpaka adhuhuri. Bonyeza kile kipini cha katikati kwa kijiti au ncha ya ufunguo. Upepo unatoka kwa mlio mkali na ubaridi unaousikia kwenye vidole. Acha utoke kidogo, pima kwa geji, bonyeza tena. Ukikaribia 18 utaona shavu la tairi limeanza kututumka pale linapokutana na ardhi, na gari zima limeshuka kidogo. Fanya hivyo kwa matairi yote manne, sawasawa. Mwenye haraka atakuambia, "Ah, wewe twende, gari hili halihitaji." Mjibu kwa adabu, endelea kubonyeza. Ukifanya kazi hii asubuhi, kumbuka kwamba saa sita mchana jua na mwendo vitakuwa vimeutanua upepo uliobaki, kwa hiyo pima tena.

Ndani ya gari mambo ni machache. Washa magurudumu manne kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kulala tumbo. Zima ule mfumo unaozuia gari kuserereka, wenye kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kujipinda chini yake. Barabarani mfumo huo unaokoa maisha. Mchangani mfumo huo huo ukihisi gurudumu linateleza kidogo, unakata nguvu ya injini katikati ya mlima, na mlima hausubiri. Gia chagua mwenyewe hata kama gari ni otomatiki, usiliache libadilishe kila linapotaka. Kwenye mchanga laini na matuta tia ile seti ya gia fupi ambayo madereva huiita "lo," uondokee ya pili, maana ya kwanza ina nguvu nyingi kiasi cha kuchimba. Vidole gumba viweke juu ya usukani, usivifungie ndani, kwa sababu gurudumu likigonga kitu usukani hurudi kwa kasi na kidole hakina pa kukimbilia. Watu wote wafunge mikanda, na shangazi wa kiti cha nyuma pia, hata akisema hapa hakuna polisi.

Ukishaondoka, mwendo usikatike. Mguu uwe laini, kasi iwe ya kutosha kuliweka gari juu ya mchanga, na macho yawe mbele kabisa, si kwenye boneti. Breki sahau. Ondoa mguu kwenye mafuta na mchanga wenyewe utakusimamisha ndani ya mita chache. Ukikanyaga breki, kila gurudumu linajilundikia kifusi mbele yake, na utakapotaka kuondoka una vilima vinne vya kuvuka ambavyo umevijenga mwenyewe. Mahali pa kusimama ni kwenye mteremko, pua ikielekea chini. Shangazi akisema, "Simama hapa hapa mwanangu, nimpige picha yule ngamia," na hapo ni kwenye kupanda, mjibu, "Subiri kidogo shangazi, tufike pale juu, utampata vizuri zaidi." Ngamia ana muda.

Saa nazo ni muhimu. Asubuhi mapema mchanga umeshikana kwa ubaridi, na sehemu zilizo karibu na bahari hupata umande. Mchana unalegea. Tena jua likiwa utosini hakuna vivuli, na pasipo kivuli jicho halioni shimo wala ukingo, kila kitu kinaonekana tambarare mpaka gari likuambie vingine. Toka alfajiri, ule chakula cha mchana umeegesha. Na njoo kati ya Oktoba na Machi. Wanaokuja Julai, joto likipita nyuzi 40, nawaheshimu kwa moyo wao, lakini sitawasindikiza.

Kupanda tuta ndiko wanakoharibikiwa wengi, kwa hiyo hapa tutulie kidogo. Tuta lina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo una mwinamo mpole na mchanga ulioshindiliwa. Upande wa pili mchanga umemwagika wenyewe, laini, kwa mwinamo wa nyuzi 30 na ushei, na huuoni mpaka uwe kileleni. Unapanda moja kwa moja, uso kwa uso na tuta, kwa kasi uliyoichukua chini. Kasi haipatikani katikati ya mlima. Karibu na kilele unaondoa mguu ili gari lifike juu likiwa limekwisha nguvu, karibu kusimama. Kwa nini? Kwa sababu ng'ambo ya kilele huenda kuna shimo, huenda kuna ngamia amelala, na huenda mtoto wa ami yako anapanda kutokea huko na kasi yake mwenyewe. Ndiyo maana magari ya mchangani hufungwa fimbo ndefu yenye kibendera cha rangi ya chungwa, kionekane kabla ya gari. Tuta usilolijua, shuka ulipande kwa miguu kwanza. Nguo zitaingia mchanga na utahema, lakini utakuwa umeliona.

Gari likikuishia nguvu katikati ya mlima, tia rivasi mara moja na urudi chini kwa alama zako mwenyewe, usukani ukiwa umenyooka. Usiligeuze. Nasema tena, usiligeuze. Gari lililolala ubavu kwenye tuta lina mahali pamoja pa kwenda, na huko linakwenda kwa kupinduka. Kuteremka nako ni hivyo hivyo: pua inatazama chini kabisa, gia fupi, injini ndiyo inayoshika. Nyuma ikianza kukuvutia upande mmoja, elekeza usukani chini ya mteremko na uguse mafuta kidogo, gari litanyooka. Mguu utakuambia ukanyage breki. Mguu umezoea Barabara ya Morogoro, usiusikilize.

Haya, umekwama. Kila mtu hukwama, na mchangani si aibu. Aibu ni yale mazungumzo yanayofuata:

"Mjomba, niongeze moto?"

"Ondoa mguu, mwanangu."

"Linataka kutoka, Mjomba, nalisikia."

"Linataka kulala. Zima, ushuke utazame."

Kutazama ndiko kunakokuokoa. Shuka, piga magoti, chungulia chini ya gari. Kama unaona mwanga kutoka ubavu hadi ubavu, tumbo halijagusa, una bahati: punguza upepo kidogo, fukua mchanga nyuma ya magurudumu, urudi taratibu kwa njia uliyojia, kwa sababu hapo mchanga umeshashindiliwa na gari lako lenyewe. Kama huoni mwanga, gari limelala tumbo, uzito uko kwenye chesesi na magurudumu yananing'inia. Hapo hata injini mbili hazisaidii. Chukua beleshi, na usianzie kwenye magurudumu ambako kila mtu huanzia. Anza chini ya tumbo. Lala ubavu, vuta mchanga utoke kwa mkono pale beleshi lisipofika, uone bomba la moshi liko wapi lisikuunguze. Mchanga wa juu ni wa moto, ule wa chini ni baridi na umeshikana, na ukishaufikia huo unajua umechimba vya kutosha. Kisha fungua njia mbele au nyuma ya kila gurudumu, si shimo, njia yenye mteremko, yenye urefu unaolipa gari nafasi ya kushika mwendo. Tandika mbao au zile plastiki ngumu zenye meno, zikandamizwe mpaka zikae chini ya tairi. Waambie wanaosukuma wasisimame nyuma ya mbao, maana zinaweza kurushwa. Sasa gusa mafuta kama unayeomba radhi. Likishatoka, usisimame kuwashukuru. Nenda mpaka penye ugumu, uwasubiri huko, watakuja kwa miguu na wataelewa.

Kuvutwa na gari jingine ni rahisi zaidi, na kunaua. Kamba iwe ya kuvutia magari, ifungwe kwenye pete au ndoano iliyoshikizwa kwenye chesesi. Kamwe usiifunge kwenye lile tufe la kukokotea trela. Linakatika, linaruka na kupasua kioo, na kichwa kilicho nyuma ya kioo. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba, na asiwepo hata mmoja anayeivuka ikiwa imekazika. Anayetaka kupiga video apige kutoka juu ya tuta.

Ukifika upande wa bahari utaona uwanja mweupe, tambarare, unaokualika ukimbie. Usiufuate huo mwaliko. Ni sabkha, ganda la chumvi lililokauka juu ya tope. Linabeba mbuzi na linabeba mtu, gari linazama. Na tope hilo halitoki kwa mbao wala kwa kupunguza upepo. Pita kwenye alama za magari zilizopo, na kama hakuna alama, wenyeji wana sababu.

Kwa sababu pana wenyeji. Wageni wengi huja wakidhani jangwa ni mahali patupu, wakaendesha kana kwamba ni pao. Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza ilipeleka watafiti Wahiba katikati ya miaka ya 1980, wakaorodhesha mimea ya aina kama 150 na wadudu kwa maelfu. Upande wa mashariki kuna misitu ya mighafu, miti inayochimba mizizi mirefu kufuata maji na kuwapa mbuzi kivuli na majani. Kichaka kidogo unachokipita juu kwa raha yako kinaweza kuwa ndicho kinachozuia mchanga usihame pale. Kizunguke. Ngamia unayemwona peke yake ana mwenyewe, na mwenyewe anamjua kwa alama na kwa ukoo. Ukiona kibanda cha makuti au hema, pita mbali na polepole, vumbi lisiwafikie watu kwenye chakula. Ukialikwa kahawa, kaa, kunywa kwa mkono wa kulia, na kikombe kikikutosha kitikise kidogo. Mzee huyo anayekumiminia ana pikapu kuukuu nje, matairi yamelegea, na anavuka matuta hayo kila siku.

Yaliyobaki ni ya kujiandaa kabla ya kutoka Bidiya. Magari mawili au zaidi, si moja. Maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na akiba juu yake. Mafuta ya kutosha, kwa sababu mchangani gari linakunywa zaidi sana kuliko kwenye lami. Mwambie mtu aliyebaki mjini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Namba ya dharura Omani ni 9999, lakini ndani mtandao hupotea, na hapo unachokuwa nacho ni gari. Kaa nalo. Gari linaonekana kutoka mbali, linatoa kivuli na lina maji. Mtu anayeondoka kwa miguu kutafuta msaada haonekani, hana kivuli, na kila hatua inamnywesha maji aliyonayo.

Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kuongeza kasi. Pampu ndogo ya kuunganisha na betri inatosha, na Bidiya mafundi wa matairi wamezoea kazi hii. Usijidanganye kwamba Ibra ni karibu. Tairi la psi 18 likienda kwa kasi ya barabara kuu linajikunja na kujikunjua mashavu kila mzunguko, linapata moto kutokea ndani, na hupasuka bila kukupa taarifa. Jua likizama punguza mwendo kwa ajili ya ngamia, ambao miguu yao ni mirefu na mwili huingia kwa kioo cha mbele. Na kumbuka huku tunashika upande wa kulia. Baada ya siku nzima mahali pasipo na upande, watu husahau.

Kesho yake, kabla hujaurudisha ufunguo kwa mtoto wa ami yako, fungua boksi la kichujio cha hewa, kitoe, ukigonge taratibu mpaka kiache kumwaga. Chungulia ndani ya ringi, toa mchanga uliobaki, usije ukafanya usukani utetemeke barabarani. Kama mlifika pwani, osha chini ya gari kwa maji mengi, chumvi inatafuna chesesi kimya kimya. Kisha toa mazulia yote, yakung'ute nje ya geti. Ya shangazi utayakung'uta mara mbili.